Maswali ya Wasomaji: Mbona Batamaji Hasikiki?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu rekodi za mashairi ya okestra ya Jean Sibelius wa Ufini (1865–1957). Kwa asiyewahi kukutana nayo: shairi la okestra ni kipande kimoja cha muziki, aghalabu bila mwimbaji, kinachochora mahali, kisa au hali fulani. Mtunzi Franz Liszt ndiye aliyeipa aina hii jina katika miaka ya 1850. Sibelius alitunga zaidi ya kumi, na albamu za mkusanyiko mara nyingi huwa na Finlandia, En saga, Batamaji wa Tuonela, Binti wa Pohjola, Aallottaret na Tapiola. Kwenye programu za muziki, batamaji huyo mtafute kwa jina la The Swan of Tuonela, na Aallottaret kwa The Oceanides.

Wahariri, habari za kazi. Nimepakua albamu ya Sibelius kwenye simu na kuiunganisha na spika ya bluetooth. Batamaji ikianza nadhani simu imezima, basi naongeza sauti hadi mwisho. Ikija Finlandia mtoto anaamka na jirani anagonga ukuta. Je, rekodi ni mbovu? – Msomaji, Morogoro

Rekodi ni nzima. Nyimbo nyingi tunazozisikia redioni hubanwa studioni ili kila neno lisikike hata ndani ya daladala, kwa hiyo tofauti kati ya panapolia chini na panapolia juu ni ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu. Okestra haibanwi hivyo. Kuanzia fidla zilizowekewa kibanio cha kufifisha sauti hadi tarumbeta, honi na tromboni zikipulizwa kwa nguvu zote, tofauti yaweza kufika desibeli 50 au 60, na sikio la mtu huhisi kila desibeli 10 kama sauti imeongezeka maradufu. Kampuni ya BIS ya Uswidi ilifika hadi ya kuchapa onyo kwenye diski zake kwamba sauti haikubanwa na spika zingeweza kuumia.

Shida yako inaanzia kwenye kupanga sauti mahali pa kimya. Ipange kwenye kelele. Cheza dakika ya mwisho ya Finlandia, pale shaba zote (tarumbeta, honi na tromboni) zinapolia, kisha weka sauti iwe kubwa kadiri wewe, mtoto na jirani mnavyoweza kuvumilia. Ukishafika hapo, usiiguse tena. Rudi mwanzo wa Batamaji. Inapaswa kusikika kwa shida kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili. Isiposikika kabisa, punguza kelele za chumba badala ya kuongeza sauti: zima pangaboi, funga dirisha la barabarani, sogea mbali na friji. Feni ya kawaida peke yake inatosha kufunika sekunde 30 za kwanza za kipande hiki. Na mvua ikiwa inapiga bati, ahirisha tu. Hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Halafu kagua mambo matatu kwenye vifaa vyako. La kwanza ni kipengele cha kusawazisha sauti za nyimbo ndani ya programu. Ukicheza orodha iliyochanganywa, programu nyingi huipandisha Batamaji na kuishusha Finlandia mpaka zikakaribiana. Kizime, au walau cheza albamu nzima kwa mpangilio wake. La pili ni kile kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Kiweke sifuri. Mashairi haya hufifia polepole mno, na sekunde 5 za kuunganishwa zinatosha kuangusha shaba za kipande kinachofuata juu ya pumzi za mwisho za kile kilichotangulia. La tatu halitambuliwi na wengi: baadhi ya spika za bluetooth na sabufa hujilaza zenyewe zikidhani hakuna muziki unaopita. Sauti ikiwa ndogo mno spika inalala, na ikiamka inakula noti kadhaa za mwanzo. Ikiwa yako ina tabia hiyo na haina pa kuizima, inua sauti ya simu iwe karibu na mwisho, kisha punguza kwenye spika yenyewe. Spika itapokea mkondo wenye nguvu zaidi na haitalala kirahisi.

Nina sabufa na spika zake mbili ndogo. Besi inatikisa vikombe kabatini lakini fidla nazisikia kwa mbali, na vyombo vyote vimerundikana pamoja. – Msomaji, Mombasa

Vikombe vikitikisika, besi imezidi. Kwa kawaida sabufa huwekwa kwenye kona, chini ya meza ya televisheni, na spika ndogo zikapangwa juu ya meza hiyohiyo zimekaribiana. Hapo kuna makosa mawili kwa mpigo. Kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudisha sauti nzito chumbani, ikajumlishwa na ile inayotoka kwenye spika. Na spika ndogo zikikaribiana, okestra nzima inabanwa katikati, ilhali mhandisi aliyerekodi aliitandaza: fidla za kwanza kushoto, cello na besi kubwa aghalabu kulia, shaba na ngoma nyuma.

Zungusha nobu ya besi hadi chini kabisa. Tenganisha spika ndogo kwa mita 1.5 hadi 2, ziinue zilingane na masikio yako ukiwa umekaa, yaani karibu mita 1 kutoka sakafuni, na uziache walau sentimita 30 kutoka ukutani. Nawe ukae umbali uleule kutoka kila spika, ili wewe na spika mfanye pembetatu ya pande sawa. Hakikisha ya kushoto iko kushoto kweli. Waya zikipishana, fidla za kwanza zitalia kulia. Sabufa itoe konani, hata kwa nusu mita.

Sasa weka mwanzo wa Tapiola. Timpani, zile ngoma zenye umbo la bakuli, zinavuma kwanza, kisha fidla zinatamka kauli fupi ambayo kipande kizima kitajengwa juu yake. Pandisha besi kidogokidogo huku ukirudia sekunde hizo za mwanzo. Mvumo ukiwa bado unatambulika kuwa ni mapigo madogo mengi yanayofuatana, uko sawa. Ukigeuka “vuuu” moja kama lori linalopita, umepitiliza. Ukishamaliza, mtu akiingia chumbani asiweze kukuonyesha besi inatokea wapi. Akiweza, punguza tena.

Ikwalaiza, kile kipengele cha kupandisha na kushusha sauti za juu, za kati na za chini, iache bapa. Mipangilio iliyoandikwa rock au pop huinua sauti za juu na za chini na kuchimba katikati, na katikati ndiko waliko cello, honi na koranglee (chombo cha kupuliza cha jamii ya zumari), yaani wanaobeba muziki wa Sibelius.

Spika ya simu yenyewe haitoshi? – Msomaji, Kigoma

Kwa Batamaji itakupa nusu. Koranglee, chombo kinachoimba sauti ya batamaji, hakishuki chini ya hezi 165 hivi (hezi zikipungua, sauti inakuwa nzito zaidi), na sehemu kubwa ya wimbo wake iko juu zaidi, basi simu itaitoa. Lakini besi kubwa inashuka hadi hezi 41, na kuna ngoma kubwa inayovumishwa taratibu mno. Spika ya simu hufifia sana chini ya hezi 300 hivi. Matokeo yake ndege unamsikia, mto anaoelea juu yake huusikii.

Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinashinda spika ya simu na hata spika nyingi ndogo za bluetooth, mradi zinafunika sikio vizuri. Zile za kuingiza sikioni zisipoziba sawasawa hupoteza besi yote. Badilisha vile viraba vyake mpaka upate saizi inayokaa. Kuhusu usalama, Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima. Kanuni ya kupanga sauti kwenye kelele ni ya lazima zaidi hapa, kwa sababu aliyepandishia Batamaji ndiye Finlandia itakayemuumiza.

Ni lazima nijue hadithi kwanza? Nilisoma kwamba Batamaji inahusu kifo, nikasikiliza, sikusikia mtu akifa. – Msomaji, Bukoba

Hukumsikia kwa sababu hayumo. Hadithi inatoka katika Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuuchapisha mwaka 1835, kisha kwa mapana zaidi mwaka 1849. Shujaa Lemminkäinen anaambiwa akitaka kuoa binti wa Pohjola, nchi ya kaskazini, ampige mshale batamaji wa mto wa Tuonela, nchi ya wafu. Anauawa kabla hajafyatua, mwili unakatwakatwa na kutupwa mtoni, na mama yake anaukusanya vipande kwa reki na kumfufua. Kisa kitamu hicho, ila katika kipande hiki Sibelius hakuchukua hata tukio moja. Alichochukua ni mto mweusi na ndege anayeelea juu yake akiimba. Maelezo yaliyochapwa na muziki yanasema hayohayo na hayaongezi zaidi.

Basi usingojee tukio. Fuata sauti moja. Kipande kina dakika 8 hadi 10, na mambo ya kushika ni haya. Mwanzoni kabisa akodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) inaanzia kwenye vyombo vya nyuzi vyenye sauti nzito na kupandishwa kutoka kundi hadi kundi mpaka kwenye fidla za juu. Fidla zimefifishwa kwa vibanio na zimegawanywa mafungu mengi, kila fungu na noti yake. Ukisikia sauti ikipanda bila kujua imehama lini kutoka kwa nani, spika zako zimekaa vizuri. Kisha koranglee inaingia. Ni ya jamii moja na zumari la pwani, yenye matete mawili, ila ndefu na nzito kuliko obo. Inaimba sentensi ndefu inayosita, na cello moja peke yake inaijibu. Hapa wengi hukosa jambo: koranglee hairudii wimbo mmoja kama kiitikio. Kila inapoingia inaendelea kutoka pale ilipoachia, kwa hiyo aliyetoka kwenda jikoni akarudi amepoteza mkondo.

Angalia pia nani hayupo. Hakuna filimbi, hakuna tarumbeta. Sibelius aliondoa vyombo ving'aavyo, akabakisha koranglee, obo, klarineti ya besi, bassoni, honi, tromboni, timpani, ngoma kubwa, kinubi na nyuzi. Weusi wa mto unatoka kwenye orodha hiyo. Kuelekea mwisho nyuzi zinakutana kwenye wimbo mmoja, mara ya pekee okestra inapofungua kifua. Baada yake wachezaji wanagusa nyuzi kwa upande wa mti wa fimbo badala ya singa, na kunatoka mtetemo mkavu, mdogo sana. Kwa hedifoni utausikia. Kwa sabufa iliyo konani, sahau.

Nyingine zinahitaji maelezo zaidi au kidogo. Binti wa Pohjola (1906) ina kisa kamili na inafaa ukisome kwanza. En saga haina kisa chochote kilichotolewa na mtunzi, licha ya jina lake, kwa hiyo anayekuuzia “maelezo ya hadithi” anabuni.

Albamu ina zaidi ya saa moja. Kufika nusu nasinzia. Nianzie wapi? – Msomaji, Dodoma

Usiisikilize yote kwa kikao kimoja. Hakuna aliyetunga vipande hivi vichezwe mfululizo. Kampuni za rekodi ndizo zilizovirundika.

Siku ya kwanza Finlandia, dakika 8 hivi: imefunguka, ina shaba, ina wimbo mtulivu kama wa kanisani katikati ambao utaushika mara moja, na tayari umeitumia kupangia sauti. Siku nyingine Batamaji mara mbili, basi. Kisha Aallottaret, kama dakika 10, ambayo Sibelius aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza Norfolk, Connecticut, tarehe 4 Juni 1914. Filimbi zinacheza juu kama viwimbi vidogo, huku chini maji mengi yanajikusanya bila haraka. Kuna timpani za wachezaji wawili, na wimbi kubwa halifiki mpaka karibu na mwisho. Anayekatisha dakika ya sita amekaa ufukweni saa nzima akaondoka bamvua likiingia.

En saga, dakika 18 hivi, iweke baadaye, na Tapiola mwisho kabisa. Tapiola aliiagiza Walter Damrosch, kiongozi wa okestra wa New York, ikachezwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Desemba 1926. Ni ngumu kwa sababu ina kauli moja tu, ile ya mwanzo, inayogeuzwa, kunyoshwa na kukatwa kwa dakika 18 hadi 20. Usitafute wimbo wa pili, haupo. Tafuta mahali ambapo mandhari ni yaleyale ila kasi imebadilika: nyuzi zinakimbia wakati shaba zimesimama tuli juu yake. Karibu na mwisho tufani ya nyuzi inavimba hadi inafunika kila kitu, kisha inatulia kwenye akodi za nyuzi zilizo wazi na angavu. Kwa maoni ya ukurasa huu hakuna alichotunga kinachoizidi, lakini mtu aliyeanza nayo kwa kawaida haombi ya pili.

Kusinzia kwenyewe si kosa lote la muziki. Ukisikiliza saa nne usiku umelala chali, utalala.

Nimelelewa na taarab asilia. Sikio langu linatafuta nini humu? – Msomaji, Unguja

Una mtaji kuliko unavyodhani. Ukishakaa kusikiliza bashraf nzima kabla mwimbaji hajapanda, umeshazoea muziki mrefu wa vyombo vitupu. Tofauti ziko mbili. Bashraf ina kipande kinachorudi baada ya kila sehemu, na sikio hupumzika hapo. Kwa Sibelius mapumziko hayo hayapo, kwa hiyo jishikize kwa rangi ya chombo, si kwa marejeo. Na katika taarab fidla, nai, kanuni na akodiani hushika lahani (wimbo) moja, kila mmoja akiipamba kivyake. Mwanzo wa Batamaji unafanya kinyume: fidla zilezile zimegawanywa hadi hakuna lahani, kuna tando la sauti tu. Ukiisubiri lahani kwenye fidla utachoka. Iko kwa koranglee. Robo tuni, zile noti zilizo katikati ya noti za piano, usizitafute.

Kusikiliza albamu nzima mtandaoni kunakula MB ngapi? – Msomaji, Mwanza

Kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 43. Kwa 160 ni MB 72, kwa 320 ni MB 144. Faili zisizopoteza chochote kutoka kwenye CD huwa kati ya MB 250 na 400 kwa saa, kutegemea muziki. Kwa muziki huu 96 haifai: nyuzi nyingi zikitetema kwa pamoja, kama kwenye tufani ya Tapiola, sauti inakuwa ya majimaji na matoazi yanasikika kama mchanga. Pakua mara moja kwa 320 ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha sikiliza bila bando. Kati ya 320 na CD, kwa spika za nyumbani za kawaida, hutaona tofauti. Hiyo hela weka kwenye hedifoni.

Niko Muscat, kiyoyozi hakizimwi miezi mitano. Nifanyeje? – Msomaji, Oman

Hedifoni zenye kufuta kelele zinafaa kwako kuliko kwa mtu yeyote, kwa kuwa mvumo wa kiyoyozi ni mzito na haubadiliki, na hilo ndilo vifaa hivyo huweza. Watu wakizungumza au honi za gari havitafutwa vizuri. Njia ya bure ni kupoza chumba sana, kuzima kiyoyozi, na kusikiliza dakika 10 za Batamaji kabla joto halijarudi. Nawe una bahati nyingine: Jumba la Opera la Kifalme lililofunguliwa 2011 liko mjini kwenu, na Oman ina okestra yake ya simfoni tangu 1985. Wasomaji wa Nairobi wana Nairobi Orchestra, na wa Kinshasa wana okestra ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Kimbangu) iliyoanzishwa 1994. Ukienda, kipande chochote kitakachochezwa, kaa mahali unapowaona wachezaji. Ukishaona nani anapuliza nini, rekodi zako zote za nyumbani zitasikika kwa mpangilio zaidi.

Nimepata Tapiola ya mwaka 1932 chini ya Robert Kajanus. Ina mchakacho mwanzo hadi mwisho. Nizitoe hizo kelele kwa programu? – Msomaji, Arusha

Kwa kiasi kidogo sana, au uache. Kajanus alikuwa rafiki wa Sibelius na kiongozi wa okestra huko Helsinki tangu 1882, na rekodi hiyo na London Symphony Orchestra ni ushahidi wa jinsi mtu wa karibu na mtunzi alivyoisoma kazi. Mchakacho unatoka kwenye santuri zenyewe. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba dakika 4 na ushei, kwa hiyo Tapiola ilikatwa vipande kadhaa na wachezaji wakasimama kila upande ulipojaa. Ukisikia mchakacho ukibadilika ghafla rangi, hapo ndipo upande mmoja ulipoishia na mwingine ukaanza.

Programu ya kusafisha ikivutwa sana haitofautishi mchakacho na mtetemo wa nyuzi, kwa sababu zote mbili ziko juu, na Tapiola ni nyuzi zinazotetema kwa sehemu kubwa. Utabaki na honi zinazoelea kwenye uwazi. Ondoa milio ya “tak” tu, ile ya mikwaruzo, kisha punguza kidogo sauti za juu kuanzia hezi 5,000 kwenda mbele, kwa desibeli 3 au 4. Zaidi ya hapo, fidla zitaondoka na kelele.